Bunduki ya Gidioni na Gramu Zake

Gidioni Nkya alipimiwa mizigo kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempima yeye. Alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Kila safari, pale geti la Machame, mzigo wake ulitundikwa kwenye mizani, namba ikasomwa kwa sauti, na ukizidi kilo ishirini kitu kikatolewa. Kilichotolewa kwake kilihamia kwa mwenzake, cha mwenzake kikahamia kwake, na wote wakapanda wakiwa halali. Huko ndiko alikopata imani yake ya pili, ukiacha ile ya kanisani: kwamba hakuna mzigo usiopungua, kuna mtu tu ambaye hajakaa chini akaufungua.

Imani hiyo iliota mizizi siku alipombebea mtalii mmoja choo cha plastiki. Mtalii mwenyewe alikuwa ameukata mpini wa mswaki wake nusu ili apande mwepesi. Mswaki ulikuwa mfukoni mwa mtalii; choo, hema la choo na gitaa vilikuwa juu ya Gidioni. Wapagazi wenzake walicheka mpaka kambi ya Shira. Gidioni hakucheka. Aliona mbele yake mtu mwenye wazo zuri lililoanzia mahali pabaya. Waliposhuka, mtalii alimwachia mizani ndogo ya kuning'iniza, inayosoma hadi gramu, na Gidioni aliipokea kwa mikono miwili.

Sasa ana miaka hamsini na nane. Mlima alishauacha, au tuseme mlima ulimwacha, ulipokwisha kumla bega la kulia. Ni mlinzi wa ghala la kahawa la chama cha ushirika kijijini kwao, Machame ya juu, pale migomba inapokaribia kuishia na msitu kuanza. Kazi yenyewe haimtoi mtu jasho. Kahawa hukaa ghalani miezi mitano. Miezi saba iliyobaki hulinda magunia matupu na harufu yake. Lakini kazi ile ina bunduki, na hapo ndipo moyo wa Gidioni ulipokuwa.

Ukibeba mzigo wa mtu kichwani unatazama vidole vya miguu yako. Gidioni alivitazama vyake kwa miaka ishirini na miwili mpaka akavijua tabia. Bunduki ilikuwa kitu cha kwanza alichowahi kubeba ambacho kilimtaka anyanyue kidevu. Waliokuwa wakimwita mgumu, jina la wapagazi wote, wakaanza kumwita askari. Alilipenda jina lile kuliko alivyothubutu kumwambia mtu yeyote. Kunyang'anywa bunduki ile, kwake, kulikuwa ni kurudishwa kutazama vidole.

Bunduki yenyewe ilikuwa raifali ya zamani, chuma kingi na mbao nzito, iliyoingia chamani enzi ambazo watu walikuwa bado na mabega. Na chama kilikuwa na desturi yake. Huko msimu wa kununua kahawa haufunguliwi kwa hotuba peke yake. Mwanzoni mwa Julai mlinzi huitoa bunduki ghalani, bondeni, akaibeba begani hadi uwanja wa shule ya msingi, kilomita mbili za kupanda tu, akiyatangulia magunia ya kwanza. Akifika hufyatua risasi moja kwenye ukingo wa udongo nyuma ya goli. Ikilia, msimu umefunguka. Isipolia, watu hubeba magunia yao wakarudi nayo nyumbani, maana kahawa iliyopimwa kabla ya mlio haina baraka. Mwaka mmoja iligoma kulia, na mpaka leo chulebuni, ule ugonjwa uliokausha kahawa mwaka ule, inahesabiwa kuwa kosa la bunduki.

Mwaka uliotangulia habari hizi bunduki ililia vizuri. Lililogoma ni bega. Njiani Gidioni aliihamisha bunduki bega hadi bega mara kumi na moja. Hakuna aliyeagizwa ahesabu, lakini watu kama sita walihesabu, na wote walipata kumi na moja.

Mwezi wa nne mwenyekiti wa chama, Mzee Eliona, mwalimu mstaafu asiyependa aibu ndogondogo, alimwita ofisini.

"Bwana Gidioni, kazi yako haina doa. Lakini mara kumi na moja! Na wageni wa kutoka Masama walikuwepo, wakaona."

"Shikamoo Mwenyekiti. Ni bega."

"Marahaba. Najua ni bega. Sasa bodi imeamua hivi. Mwaka huu utaipandisha kwa bega moja, lile la kulia kama desturi, usiihamishe mpaka uwanjani. Na ilie. Ukiweza, kazi ni yako mpaka utakapochoka mwenyewe. Ukishindwa tunamkabidhi Fabian."

Fabian alikuwa mgambo wa miaka thelathini aliyenyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa saruji kila asubuhi mbele ya watu, hata siku ambazo watu hawakuwepo. Gidioni alimfikiria njia nzima ya kurudi nyumbani. Mkewe, Elisifa, alikuwa akimkamua ng'ombe. Alisikiliza habari yote bila kugeuka.

"Nenda hospitali, Baba Stella, wakakuangalie hilo bega."

"Hospitali watapunguza nini? Kizito si bega, ni bunduki."

Akaingia ndani, akaitoa mizani ya mtalii, akaitundika bunduki aliyorudi nayo kwenye boriti. Pamoja na mkanda wake na risasi zake tano, ilisoma kilo nne na gramu mia sita na ishirini. Gidioni aliitazama namba ile kwa furaha ya mganga aliyeona ugonjwa anaoujua. Akatandika mkeka, akaifungua bunduki juu yake kama alivyozoea kufungua mabegi ya wageni, na akajiwekea sheria moja: kinachofanya ilie hakiguswi, kilichobaki chote ni mzigo.

Risasi nne zilikuwa mzigo, kwa kuwa desturi inataka mlio mmoja. Zikarudi kwenye sanduku la chama. Mkanda wa ngozi ulikuwa mzigo, akasuka mwingine kwa nyuzi za mgomba. Bamba la shaba lililofunika mwisho wa kitako lilikuwa mzigo mkubwa, na alipolifungua alikuta nyuma yake tundu, na ndani ya tundu kichupa cha mafuta, kitambaa, na pakiti nzima ya ugoro. Ugoro ulikuwa wa Mzee Thadeus, mlinzi aliyemtangulia, ambaye alikwenda kaburini akiamini kwamba mkwewe ndiye aliyeuiba. Gidioni aliupima: gramu sitini na mbili. Kwa hiyo miaka tisa alikuwa akibeba ugoro wa marehemu, na bado watu walimlaumu kwa kuhamisha bega.

Baada ya wiki mbili alikuwa amefika kilo tatu na nusu, na habari ilikuwa imezagaa. Machame mtu akikuona na shida hakupi pole, anakupa mpango. Mwalimu wa hesabu alishauri mtutu ukatwe nusu. Mama mmoja wa kwaya alishauri bunduki ifungwe kwenye maputo ya harusi. Gidioni aliwashukuru wote, akakataa. Mtutu ndio unaolia, na bunduki inayopanda kama harusi si bunduki.

Aliyemsaidia ni Rogath, fundi seremala, Mkibosho, wa mahasimu wa zamani, aliyeoa Machame na kusamehewa nusu. Rogath alikuwa fundi wa majeneza na mizinga ya nyuki, na alizijua mbao kwa kuzipiga kwa kidole tu. Alikigonga kitako cha bunduki mara mbili.

"Hii mbao ni ya wazungu," alisema. "Ni ngumu na nzito kama vichwa vyao. Nikuchongee ya mringaringa. Mringaringa ni mwepesi, haupasuki ovyo, na tundu nitalichimba ndani mpaka ibaki ganda."

"Itahimili mshindo?"

"Majeneza yangu, umeshasikia moja limerudi?"

Kuhusu sheria inavyosema juu ya kubadili kitako cha silaha, hakuna kati yao aliyeuliza, maana aliyeuliza angejibiwa. Rogath alichonga kitako kipya kwa ubao wa mzinga wa zamani uliokwisha kazi, mkavu kabisa, bado unanukia nta. Ndani akakichimba kikawa wazi kama kibuyu. Mwisho wake akakifunga kwa kipande cha ngozi ya buti la mlimani, akaacha tundu dogo la kupenya kidole, ili mbao ipumue. Kisha akakipaka dawa ya viatu ya kahawia mpaka usingejua.

Mizani ikasoma kilo mbili na gramu mia nane na arobaini.

Gidioni aliuzunguka mgomba mara tatu na bunduki begani. Akaenda mpaka kwenye mfereji na kurudi. Akaiweka mbele ya mlango wa jiko, akamwambia mkewe, "Mama Stella, njoo ubebe." Elisifa aliibeba kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na ndoo, akasema ni nyepesi, ndiyo, na akauliza kama kuna aliyekata majani ya ng'ombe. Usiku ule Gidioni alilala kama mtoto. Kila asubuhi alivuta kifyatulio bila risasi, akasikia ule mlio mkavu wa chuma unaosema niko tayari, akafurahi.

Juni ikaja na ukungu wake. Jumamosi ya kwanza alipima bunduki kama kawaida: kilo mbili, mia tisa na kumi. Akadhani macho. Jumamosi ya pili: kilo tatu kasoro gramu ishirini. Ya tatu: kilo tatu na mia moja na arobaini.

Hapo usingizi ulimtoka. Mzigo ukipungua una sababu, lakini mzigo unaoongezeka wenyewe, umetundikwa tu ukutani, hajapata kuuona hata mlimani. Kwanza aliilaumu mizani. Akaipima na mfuko wa sukari wa kilo moja kutoka dukani, mizani ikasoma gramu mia tisa na thelathini. Akaenda na mfuko dukani. Mwenye duka akaapa, Gidioni akatundika, namba ikarudi ileile, na mwisho mwenye duka akamwongezea sukari kwa kijiko kimoja kimoja mpaka kilo ikatimia, huku wateja wakitazama. Kwa hiyo mizani ilikuwa nzima. Wiki ile kijiji kizima kilirudisha sukari.

Pili aliulaumu unyevu. Akaihamishia bunduki jikoni, akaitundika juu ya meko ili ikauke. Elisifa alisema jiko lake si kituo cha polisi. Gidioni akamsihi, akakubaliwa kwa sharti la kukata majani wiki mbili. Joto la jiko likawa zuri, la kudumu usiku na mchana, na Jumamosi iliyofuata bunduki ilisoma kilo tatu na mia tatu na sabini.

Tatu, aibu iliyoje, alimlaumu Rogath. Alifika karakana akiwa amevimba.

"Rogath, umenifanyia nini? Fabian amekulipa?"

"Alinilipa jeneza la shangazi yake, mwaka juzi. Kwa nini?"

"Bunduki inanenepa!"

Rogath aliweka randa chini. Akasema mbao aliyokausha yeye hainenepi, hata mtu akiilisha. Gidioni akarudi nyumbani kwa hasira, na njiani hofu ikaishinda hasira. Siku zilikuwa zimebaki chache. Kwa kasi ile, alijumlisha kichwani, hadi mwaka ujao bunduki ingekuwa na uzito wa ndama.

Ilikuwa alasiri ya kuamkia siku yenyewe ndipo alipojua. Alikuwa ameilaza bunduki magotini akiisugua dawa ya viatu, mara kiganja kikanata. Akanusa. Akalamba. Kisha akaweka sikio kwenye kitako, akabaki hivyo mpaka Elisifa akamwuliza kama ana malaria.

"Inaimba," Gidioni alinong'ona.

Elisifa aliinama akasikiliza kwa utulivu uleule anaoutumia kwa ng'ombe mwenye mimba. Kisha akachungulia tunduni. Vichwa viwili vidogo vyeusi vikamchungulia nao. Walikuwa nyuki wadogo, wale wasiouma, ambao asali yao huku ni dawa ya kifua na hupimwa kwa kijiko. Walinusa nta ya mzinga wa zamani, wakakuta nyumba imechongwa, ina mlango wao kabisa, na baadaye mwenye nyumba akawawashia moto.

"Lete maji ya moto," Gidioni alisema.

"Ya nini?"

"Watoke!"

Elisifa alisimama kati yake na meko. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini pale alijaa mlango. "Nyuki waliohamia wenyewe hawafukuzwi, Baba Stella. Mama yako ndiye aliyenifundisha, kwenye kihamba hiki hiki cha ukoo. Ukiwamwagia maji ya moto watu waliokuja kwako kwa hiari, kesho utafungua msimu wa kahawa na uso gani?"

"Kesho nitapoteza kazi!"

"Inasoma ngapi?"

Gidioni akatundika. "Tatu na mia nne na hamsini."

"Na zamani ilikuwa nne na mia sita. Bado umepata faida. Kanawe, ule."

Gidioni akaenda kunawa. Mama yake, yeye alimwogopa tangu alipokuwa hai, na hakuona sababu ya kuacha sasa. Aliingia kitandani akimwomba Mungu mambo mawili: bega lishike, na nyuki wasizaliane usiku ule.

Asubuhi kulipambazuka bila ukungu, jua kali la Julai ambalo huja mara moja kwa wiki na lilikuwa limechagua siku hiyo. Ghalani magunia yalikuwa tayari mabegani mwa watu. Mzee Eliona alivaa suti na kushika daftari. Fabian alikuwa na sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na alitembea hatua mbili nyuma ya Gidioni, mikono ikiwa nusu imenyooshwa, tayari kupokea.

Gidioni aliweka bunduki bega la kulia, akanyanyua kidevu, wakaanza.

Robo ya kwanza ilikwenda vizuri. Alishika mwendo wa mlimani, pole pole, pumzi moja kwa hatua mbili. Kwenye robo ya pili jua likafika kwenye kitako na asali ikaanza kulegea. Aliisikia ikimtambaa mgongoni, chini ya shati, ya vuguvugu. Nyuki wakatoka kuona kuna nini, wakamzunguka kichwa. Wanawake waliokuwa kando ya njia waliona nzi. Mmoja akasema mlinzi wa watu hajaoga; mwingine akasema hapana, huyo mtu ana kidonda, maskini, tazama anavyovuja. Mzee Eliona aliandika kitu kwenye daftari.

Kwenye daraja la mfereji bega liliwaka. Maumivu yale aliyajua, yalikuwa yaleyale ya kambi ya Barranco, yanayoanzia shingoni na kwenda kuchukua mkono mzima. Alitaka kuihamisha bunduki. Alitaka kwa roho yake yote, na angeihamisha, kazi na jina la askari vipotee. Lakini kila alipoiinua kidogo kitako kiliinama, asali ikamwagikia tunduni, na nyumba nzima ya nyuki ikalalamika sikioni mwake. Akaiacha mahali pake. Akaendelea kupanda, machozi yakimtoka, asali ikimtoka, kidevu juu. Waliomwona siku ile wanasema hawajapata kuona mtu amenyooka hivyo.

Alifika uwanjani. Hakuihamisha hata mara moja. Mzee Eliona alionyesha daftari kwa wajumbe, na chini ya neno "mabega" palikuwa na sifuri kubwa yenye mviringo mzuri wa kialimu.

Hotuba ilichukua dakika arobaini. Ilitaja miche bora, mbolea, na umoja. Gidioni alisimama juani na mzigo wake unaoimba. Hatimaye Mwenyekiti alisema, "Sasa mlinzi wetu atufungulie msimu," akasogea karibu, upande wa kulia, ili aonekane kwenye picha.

Gidioni aliingiza risasi moja. Akakaza kitako begani, akaelekeza mtutu kwenye ukingo wa udongo, akafumba macho, akavuta.

Ikalia! Ililia kama haijawahi kulia, mwangwi ukagonga msitu na kurudi. Watu wakapiga vigelegele. Na mringaringa, ambao haupasuki ovyo, ukapasuka kwa heshima, katikati, toka juu hadi chini, na kila kilichokuwamo kikahamia kwa Mzee Eliona.

Hakuna aliyeumia. Nyuki wale hawaumi. Hutafuta tu mahali pa kuingia, na siku ile waliingia masikioni, puani na kwenye ndevu za Mwenyekiti, ambaye alizunguka uwanja mara mbili kwa mwendo ambao bodi haikujua kuwa anao. Fabian alipanda goli na kukaa juu ya mwamba. Bibi mmoja, Aikaeli, mwanachama mkongwe kuliko wote, alikwenda taratibu na kikombe chake cha chai, akayakusanya masega yaliyoanguka, akalamba kidole na kutangaza kwamba msimu umefunguka, na ni mtamu.

Mwenyekiti aliporudi alikuwa ananata mpaka daftarini. Alivichukua vipande vya bunduki, akavitazama kimoja kimoja, akaugusa mkanda wa nyuzi za mgomba.

"Gidioni. Bunduki ya chama ilikuwa na kilo nne na zaidi. Hii ni nini?"

Gidioni hakuwa mtu wa uongo. Alieleza yote mbele ya wanachama wote: risasi, bamba, ugoro wa marehemu, mringaringa, sukari, jiko. Alipofika kwenye maji ya moto na mama yake, watu walikuwa wameketi chini kwa kucheka. Mkwe wa Mzee Thadeus alisimama na kudai aombwe radhi hadharani kuhusu ugoro, akaombwa. Kisha ikapigwa kura ya mikono. Alipanda kwa bega moja? Alipanda. Ililia? Ililia, na wengine masikio bado yalikuwa yamejaa. Mikono yote ikainuka, hata ule wa Fabian kutoka golini.

"Kazi ni yako," Mzee Eliona alisema, akimtoa nyuki mmoja jichoni. "Sina kinyongo. Ila silaha hii kesho inakwenda polisi na maelezo yake, na maelezo nitaandika mimi, kwa lugha ya huruma. Kurudi hairudi. Mlinzi tunaye, bunduki hatuna."

Mwalimu wa michezo akavua filimbi yake shingoni akampa. Watu wakapiga makofi, kwa moyo mweupe kabisa. Gidioni alishukuru. Akaitoa mizani ya mtalii mfukoni, akaitundika filimbi, kwa mazoea tu: gramu kumi na nne pamoja na kamba.

Alasiri alishuka na Elisifa kuelekea nyumbani. Elisifa alikuwa na masega kwenye sufuria, na nyuki kiasi waliokubali kuingia kwenye kipande cha kitako. Rogath alikuwa ameahidi kuwachongea mzinga halisi. Elisifa alimwacha mumewe atangulie. Gidioni hakuwa na kitu kichwani, mgongoni wala begani, na njia ilikuwa ya mteremko.

"Baba Stella," Elisifa aliita kwa nyuma, "mbona unatembea upande?"

Gidioni alisimama. Shingo yake ilikuwa imelala kushoto, bega la kulia limeshuka, mtu mzima kajipinda kukipisha kitu ambacho hakipo. Macho yalikuwa kwenye vidole vya miguu. Alipeleka mkono begani akapapasa. Akasubiri, kama anavyosubiri mizani itulie.

"Linauma vilevile, Mama Stella," alisema. "Sijabeba kitu, na linauma kama kilo nne na mia sita na ishirini. Halikupungua hata gramu."

Akaketi kwenye nyasi kando ya njia, akalia kwa sauti, bila kujali nani anapita. Wanachama waliokuwa wakishuka na magunia matupu wakapunguza mwendo walipomfikia, wakampita. Elisifa aliweka sufuria chini, akaketi upande wa bega lile, akaweka kiganja chake juu yake bila kukandamiza. Wakakaa hapo mpaka alipoweza kunyanyuka.